Andrée Blouin: mama aliyekusanya wamama elfu 45 wakati hawakuwa na haki ya kupiga kura

Mwezi wa tano 1960, Wakongomani walichagua wabunge wa kwanza wa nchi yao. Kuanzia Léopoldville hadi Kwilu, kuanzia Bukavu hadi vijiji vya Masisi na Walikale, waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao. Sheria iliyotayarishwa na Wabelgiji haikumpa mwanamke wa Kongo haki ya kuchagua wala ya kuchaguliwa. Uhuru ulikuwa unakuja baada ya wiki chache tu, lakini mama aliyelima, aliyezaa na aliyelipa kodi kwa jasho lake alibaki nje ya mlango.

Hata hivyo, kabla ya mwezi ule kuisha, mwanamke mmoja aliyetoka nje ya Kongo alikuwa amekwisha kuandikisha wamama karibu elfu 45 katika chama cha wanawake. Jina lake ni Andrée Blouin. Alikuwa mwanasiasa wa mrengo wa kushoto, rafiki wa Sékou Touré, mwenzake Antoine Gizenga na Pierre Mulele, na mkuu wa protokole wa Patrice Lumumba. Magazeti ya Ulaya yalimwogopa na kumpa majina ya kila aina. Vitabu vya shule vya kwetu havikumpa hata ukurasa mmoja.

Maisha yake yanastahili kusomwa tena katika Kivu ya Kaskazini kwa sababu moja kubwa. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka wa 2023, nchi nzima ilipoitwa kwenye uchaguzi, teritware za Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Maelfu ya wamama walikuwa katika kambi za wakimbizi wa ndani karibu na Goma, bila kadi ya mpiga kura. Swali ambalo Andrée Blouin alikutana nalo mwaka wa 1960 limerudi kwetu: mtu asiye na kura anaweza kufanya siasa gani?

Mtoto aliyefichwa kwa masista

Andrée alizaliwa tarehe 16 mwezi wa 12 mwaka wa 1921 katika kijiji cha Bessou, Oubangui-Chari, nchi ambayo leo tunaiita Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mama yake, Josephine Wouassimba, alikuwa binti wa kabila la Banziri, bado mdogo sana, wa miaka karibu 14. Baba yake, Pierre Gerbillat, alikuwa Mfaransa wa miaka 40 hivi, mfanyabiashara. Ndoa kama hizo zilikuwa za kawaida wakati wa ukoloni: Mzungu alichukua msichana wa kijiji, akaishi naye, kisha akaoa mke wa rangi yake na kumwacha yule wa kwanza.

Watoto waliozaliwa hivyo, wale tunaowaita metisi, walikuwa aibu kwa utawala. Walionyesha wazi kwamba wakoloni, waliohubiri kwamba Mweusi na Mweupe hawawezi kuwa sawa, walikuwa wakilala nyumba moja. Dawa waliyoipata ni kuwaficha. Andrée alipofikia miaka mitatu, baba yake alimtoa mikononi mwa mama yake na kumpeleka Brazzaville, katika kituo cha mayatima cha masista wa Mtakatifu Yosefu wa Cluny. Hakuwa yatima. Mama yake alikuwa hai, baba yake pia. Lakini alikaa pale miaka 14.

Maisha ya kituo yalikuwa ya njaa, fimbo na sala. Wasichana walifundishwa kwamba wamezaliwa na dhambi ya wazazi wao na kwamba wanapaswa kuilipa kwa utii. Walifundishwa kushona, na kazi ya mikono yao iliuzwa kwa mabibi wa Kizungu. Elimu yenyewe ilikuwa ndogo. Andrée alipofika miaka 15, masista walianza kumsukuma aolewe na mwanaume waliyemchagulia wenyewe. Alikataa. Akiwa na miaka 17, alitoroka.

Mtu anaweza kusoma kipindi hiki kama hadithi ya huzuni tu. Lakini ndani yake kuna somo la kwanza la kisiasa la Andrée Blouin. Alijifunza mapema kwamba unyonge wake haukuwa bahati mbaya, bali ulikuwa umepangwa: kulikuwa na sheria, kituo, ukuta na watu waliolipwa kusimamia ukuta ule.

Kwinini iliyokataliwa

Baada ya kutoroka, alijitegemea kwa kushona nguo. Kisha alivuka mto, akaingia Kongo ya Wabelgiji. Aliishi Banningville, mji ambao leo unaitwa Bandundu, pamoja na Mbelgiji wa familia kubwa, Roger Serruys, mkurugenzi wa Kampuni ya Kasai. Alizaa naye binti, Rita. Pale aliona kampuni za kikoloni kwa ndani: namna wafanyakazi Weusi walivyosemeshwa, namna walivyolipwa, na namna yeye mwenyewe alivyotakiwa kujificha wageni wa Kizungu walipofika. Wazee wa Masisi waliofanya kazi katika mashamba makubwa ya walowezi, chini ya Kamati ya Kitaifa ya Kivu, hawangeshangazwa na picha hiyo. Kampuni ilikuwa na ardhi, kapita alikuwa na fimbo, na mwanakijiji alikuwa na kazi.

Andrée aliachana na Serruys. Baadaye aliishi na Mfaransa, Charles Greutz, na wakapata mtoto wa kiume, René. Mtoto alipokuwa na miaka miwili, alishikwa na malaria huko Bangui. Dawa ilikuwepo. Ilikuwa kwinini, na ilikuwa hospitalini. Lakini kwinini ilitolewa kwa Wazungu tu, wenye kadi yao. René alikuwa na baba Mfaransa, lakini damu ya bibi yake wa Kibanziri ilitosha kumfunga mlango. Mama yake aliomba na kulia mbele ya wakubwa wa utawala. Walikataa. René alikufa.

Wote walioandika juu ya Andrée Blouin wanakubaliana kwamba siasa yake ilizaliwa siku ile. Kabla ya hapo alikuwa ameteswa kama mtu mmoja, na alijaribu kujiokoa kama mtu mmoja. Baada ya kumzika René, alielewa kwamba hakuna mlango wa pembeni. Mwanamke mmoja hata awe mrembo namna gani, hata aolewe na Mzungu, mtoto wake anaweza kufa kwa sababu ya karatasi. Basi ile karatasi ndiyo inapaswa kuondolewa. Alianza kupigana na sheria ya kadi za kwinini, na tangu hapo hakurudi nyuma.

Hapa mama wa Walikale anaelewa bila kueleza sana. Anayetembea siku nzima ndani ya pori na mtoto mwenye homa mgongoni, akafika kwenye kituo cha afya na kukuta dawa hakuna au barabara imefungwa na watu wenye bunduki, hajazuiwa na sheria ya rangi. Lakini anajua kwamba kifo cha mtoto kwa ugonjwa unaotibika si mapenzi ya Mungu tu. Kuna maamuzi ya watu nyuma yake.

Guinea, shule ya kampeni

Mwaka wa 1952, Andrée aliolewa na André Blouin, injinia Mfaransa wa migodi, mtu aliyekuwa na mawazo ya kupinga ukoloni kuliko Wazungu wengi wa wakati wake. Walipata watoto wawili, Patrick na Eve. Kazi ya bwana iliwapeleka Guinea, eneo la Siguiri.

Guinea ilikuwa inachemka. Chama cha RDA, chini ya Sékou Touré, kiliwaunganisha wafanyakazi, wakulima na, jambo lisilo la kawaida wakati ule, wanawake wa masoko. Mwaka wa 1958, Jenerali de Gaulle aliziuliza koloni za Ufaransa kama zinataka kubaki ndani ya jumuiya mpya ya Kifaransa. Andrée alizunguka kwenye kampeni pamoja na watu wa Sékou Touré, akiomba watu wakatae. Tarehe 28 mwezi wa tisa 1958, Guinea ilijibu hapana kwa zaidi ya kura 95 kwa mia. Ilikuwa koloni pekee ya Ufaransa kusini mwa Sahara iliyothubutu. Tarehe 2 mwezi wa kumi ikawa huru, na Wafaransa wakaondoka kwa hasira, wakibeba hata vifaa vya ofisi.

Kwa Andrée, Guinea ilikuwa shule. Alijifunza namna ya kuingia kijiji, namna ya kuongea na wazee kwanza, namna ya kuwakusanya wamama bila kuwagombanisha na mabwana zao. Alijifunza pia kwamba wanawake wakikubali jambo, habari inatembea haraka kuliko gari la chama, kwa sababu inapita sokoni, kisimani na kanisani.

Kwilu: wamama wanapanga mistari

Mwanzoni mwa mwaka wa 1960, huko Conakry, alikutana na viongozi wa PSA, chama cha Antoine Gizenga kilichokuwa na nguvu Kwango na Kwilu. PSA kilikuwa cha mrengo wa kushoto na kilitaka Kongo moja isiyogawanyika. Viongozi wake walimwomba aje Kongo kuwasaidia kwenye kampeni, hasa upande wa wanawake. Alikubali.

Mwezi wa nne 1960, pamoja na Gizenga na Mulele, alianzisha Chama cha Wanawake kwa Mshikamano wa Afrika. Malengo yake yalikuwa machache na ya kueleweka: kila mwanamke ajue kusoma na kuandika, usafi wa nyumba na mwili ufundishwe, ulevi upigwe vita, haki za mwanamke zitetewe, wamama walioachwa na watoto walioachwa walindwe. Msomaji ataona kwamba mtoto wa Brazzaville na mama wa Bangui wako ndani ya orodha hiyo. Andrée hakuandika programu kutoka vitabu vya Moscow, kama maadui zake walivyodai. Aliandika alichokipitia.

Yeye na wenzake walizunguka kwa gari katika barabara mbaya za Kwango na Kwilu, kijiji kwa kijiji. Kufikia mwisho wa mwezi wa tano, hesabu ya chama ilikuwa wamama wapatao elfu 45, katika Léopoldville, Kwango, Kwilu na Kasai. Wiki karibu saba tu zilikuwa zimepita.

Tukumbuke tena: hakuna hata mmoja kati ya wamama hao aliyekuwa na kura. Mwanasiasa wa kawaida angesema ni kupoteza wakati na petroli. Andrée Blouin aliona kinyume. Kwake, kura ilikuwa siku moja, lakini chama ni mwaka mzima. Mama aliyejua kusoma angeweza kusoma barua ya mtoza kodi. Mama aliyekuwa na wenzake mia moja angeweza kusimama mbele ya chifu. Na mwanaume anayekwenda kupiga kura anatoka katika nyumba ambayo mama yumo.

Kivu ilikuwa upande gani?

Andrée Blouin alifanya kampeni yake magharibi, mbali na milima yetu. Lakini Kivu haikuwa nje ya hadithi. Chama chenye nguvu hapa wakati ule kilikuwa CEREA, ambacho mmoja wa viongozi wake alikuwa Anicet Kashamura, mtoto wa Kivu. Katika uchaguzi wa 1960, MNC ya Lumumba ilipata viti 33 kati ya 137, PSA 13, na CEREA 10. Vyama hivyo vitatu vilisimama upande mmoja, upande wa Kongo moja, na bila viti vya Kivu hesabu ya Lumumba bungeni ingekuwa ngumu zaidi.

Kashamura akawa waziri wa habari katika serikali ya Lumumba. Gizenga akawa naibu wa waziri wa kwanza. Mulele akapewa elimu. Na mwanamke? Hakuna hata mmoja. Serikali ya kwanza ya Kongo huru, ile tunayoikumbuka kwa heshima, haikuwa na waziri mwanamke. Kongo ilisubiri hadi mwaka wa 1966 ili Sophie Kanza awe waziri wa kwanza mwanamke, na hadi 1967 ili wanawake wapate haki ya kupiga kura kama wanaume.

Ndani ya ofisi ya Lumumba

Wabelgiji walimwona Andrée kuwa hatari kabla hata ya uhuru. Mwezi wa sita 1960 walimfukuza Kongo. Alipopanda ndege, alikuwa ameficha karatasi za kisiasa ndani ya nywele zake zilizofungwa nyuma. Hakuna askari aliyefikiri kutafuta pale.

Baada ya tarehe 30 mwezi wa sita alirudi, na Lumumba akamfanya mkuu wa protokole. Cheo hicho kinasikika kama kazi ya kupanga viti na kupokea mabalozi. Lakini mwezi wa saba 1960, kila kitu kilikuwa kinawaka moto. Tarehe 5, maaskari wa Force Publique waliasi. Tarehe 11, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Maaskari wa Ubelgiji walirudi, na wale wa Umoja wa Mataifa wakafika. Katika wiki hizo, anayepanga nani aingie kumwona waziri wa kwanza ni mtu mwenye uzito. Andrée alipanga ziara, alisaidia kutayarisha hotuba, na aliongea kwenye redio. Wandishi wa habari wa kigeni walianza kuunganisha jina lake na la Lumumba kama jina moja.

Na matusi yakafuata. Magazeti ya Magharibi yalimwita mkomunisti, mpelelezi, mwanamke hatari kuliko wote Afrika. Wengine waliandika kwamba ni hawara wa kiongozi huyu au yule. Gizenga na Mulele walikuwa na mawazo ya kushoto kama yeye au kuliko yeye, lakini hakuna aliyeuliza wanalala wapi. Yeye mwenyewe alijieleza kuwa mzalendo wa Afrika, mwenye imani ya usoshalisti, si mtumwa wa kambi yoyote. Kwa mwanamke mwanasiasa, kashfa ya kitandani ilikuwa silaha ya kwanza. Wanawake wanaogombea ubunge au wanaoongoza shirika la raia hapa kwetu wanajua kwamba silaha hiyo bado haijatupwa.

Kufukuzwa

Tarehe 5 mwezi wa tisa 1960, Rais Kasavubu alimwondoa Lumumba. Tarehe 14, Kanali Mobutu alichukua madaraka. Andrée Blouin alikuwa kati ya watu wa kwanza kupewa amri ya kuondoka. Lakini hawakumwachia familia. Bwana yake na watoto walizuiliwa Léopoldville ili yeye afunge mdomo akiwa nje. Maaskari waliingia nyumbani. Mama yake Josephine, yule aliyenyang'anywa mtoto mwaka wa 1925, alipigwa. Baadaye familia iliweza kutoka na kuungana naye.

Akiwa Ulaya alisikia habari ambazo kila Mkongomani anazijua. Lumumba alikamatwa mwanzoni mwa mwezi wa 12, akauawa Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Gizenga alikuwa ameshika serikali ya Stanleyville, na Kivu ikawa chini ya serikali hiyo kwa muda, Kashamura akiwa mmoja wa vigogo wake Bukavu. Kisha ikaanguka.

Mwaka wa 1964, Mulele alianzisha vita vya msituni Kwilu. Mashariki, Simba walipofika, walitumia jina lake kama kinga mbele ya risasi, na wazee wengi wa Kivu hadi leo wanaita wakati ule wakati wa Mulele, ingawa Mulele mwenyewe hakuwa huku. Wachache wanajua kwamba miaka minne kabla ya mapanga na maji ya dawa, mtu huyo huyo alishirikiana na Andrée Blouin kuwafundisha wamama kusoma. Vita vilimeza kazi hiyo yote. Chama cha wanawake hakikuwa na viongozi tena, wanachama wake wa Kwilu waliingia porini au wakakimbia vijiji vilivyochomwa. Mulele mwenyewe aliuawa mwaka wa 1968, baada ya kurudishwa Kinshasa kwa ahadi ya msamaha.

Neno lenyewe lilibadilika. Mwaka wa 1960, mzalendo alikuwa mtu anayesimama jukwaani bila bunduki na kudai nchi moja. Leo ukisema Wazalendo Masisi au Walikale, kila mtu anafikiria watu wenye silaha. Kila mmoja ana maoni yake juu yao. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba kulikuwa na wakati ambapo uzalendo ulipimwa kwa idadi ya wamama waliojiandikisha.

Miaka ya uhamisho

Andrée Blouin hakurudi kwenye madaraka tena. Aliishi Uswisi, kisha Algeria iliyokuwa imetoka kushinda vita vyake vya uhuru, ambako serikali ya Ben Bella iliwapokea wapiganaji wa Afrika nzima. Mwishoni alikaa Paris, na nyumba yake ikawa mahali pa kupita kwa wakimbizi wa kisiasa na wanamapinduzi.

Mwaka wa 1983, kitabu cha maisha yake kilitoka New York kwa Kiingereza, kikiwa kimeandikwa kwa msaada wa Mmarekani Jean MacKellar. Hakukipenda namna kilivyotoka, na alijaribu kukizuia. Humo anawahukumu wakoloni, lakini hawaachi Waafrika. Anaonyesha namna viongozi waliokula uhuru kama mali ya ukoo, na namna ugomvi wa wao kwa wao ulivyomfungulia adui mlango. Kwa mtu aliyepoteza mengi kwa ajili ya Kongo, hakuficha kwamba Wakongomani wenyewe walichangia kuangusha nyumba yao.

Aliugua kansa, akakataa matibabu, na akafa Paris tarehe 9 mwezi wa nne 1986, akiwa na miaka 64. Mobutu alikuwa bado kwenye kiti. Miaka mingi kitabu chake hakikupatikana tena. Mwaka wa 2024, filamu ya Mbelgiji Johan Grimonprez juu ya kuangushwa kwa Lumumba ilimrudisha mbele ya watu, na mwaka wa 2025 kitabu kilichapishwa upya. Dunia imeanza kumjua. Sisi ambao alifanya kazi kwa ajili yetu tumechelewa.

Kilichobaki kwa Masisi na Walikale

Ukiangalia karatasi, mengi yamebadilika. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 14, inaamuru usawa wa wanawake na wanaume katika taasisi. Sheria ya uchaguzi ya 2022 inasamehe chama malipo ya dhamana ikiwa nusu ya orodha yake ni wanawake. Mwaka wa 2024, Judith Suminwa alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri wa kwanza wa Kongo.

Lakini karatasi haifiki kila kilima. Mwanzoni mwa 2025, M23 iliingia Masisi-kati, kisha Goma. Mwezi wa tatu ilifika Walikale-kati kabla ya kuondoka huko mwezi uliofuata. Wamama wamekimbia mara moja, mara mbili, mara tatu, wakiacha maharagwe shambani na ng'ombe mlimani. Katika mazungumzo ya amani, kutoka mji mkuu mmoja hadi mwingine, wanaokaa mezani karibu wote ni wanaume, na wengi wao walifika pale kwa njia ya bunduki.

Katika hali hiyo, ni rahisi mama kusema kwamba siasa haimhusu mpaka siku kadi ya kura itakapofika. Maisha ya Andrée Blouin yanasema vingine. Aliwakuta wamama wasio na kura, wasiojua kusoma, walio mbali na mji, na hakuwaambia wasubiri. Alianza na vitu walivyokuwa navyo: jirani, soko, wimbo, na shida iliyofanana.

Vitu hivyo viko hapa. Kuna likelemba na AVEC ambapo wamama wanaweka franka kidogo kila wiki, na wanaaminiana bila polisi. Kuna vikundi vya kanisa, vyama vya wakulima, wauzaji wa maharagwe na jibini ya Masisi, wamama wanaopikia wachimbaji wa kasiterite Walikale. Wengi wao, wakihesabiwa pamoja, wanapita elfu 45 ya Andrée Blouin kwa urahisi. Kinachokosekana si watu. Ni daftari moja, na madai machache yaliyoandikwa ambayo kikundi cha Nyabiondo na cha Mubi vinaweza kuyasema kwa sauti moja, bila kuulizana kabila.

Mwaka wa 1960, chama chake kilipata wiki saba tu za kujijenga na miezi michache ya kuishi kabla ya maaskari kufika mlangoni. Hatujui kingefika wapi kama kingepewa miaka kumi. Tunajua tu kwamba kilianza bila ruhusa ya mtu, na kwamba hao wamama elfu 45 walitoa majina yao kabla serikali yoyote haijakubali kuyahesabu.